Nchi Moja, Serikali Mbili: Maswali Tunayoulizwa Lamu Kuhusu Umoja, Shirikisho na Ugatuzi

Maswali haya nimeyakusanya katika vikao vya elimu ya uraia hapa Lamu. Mengine niliulizwa barazani baada ya Alasiri, mengine ndani ya boti ya kwenda Faza, ambako mtu akikuanza na swali huna pa kukimbilia mpaka mfike. Nimeyajibu kwa kirefu pale panapostahili urefu, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni fupi.

Maneno yenyewe yana maana gani? Nchi ya umoja ni ipi, na shirikisho ni nini?

Nchi ya umoja ni ile ambayo mamlaka yote ya kutawala yana chemchemi moja, nayo ni serikali kuu. Serikali hiyo yaweza kuwa na mikoa, wilaya, mabaraza na mameya, lakini hao wote wanatumia mamlaka waliyogawiwa. Aliyegawa anaweza kuchukua chake. Ufaransa ni nchi ya namna hiyo, na Japani pia, ijapokuwa Japani ina mikoa 47, idadi ileile ya kaunti zetu.

Shirikisho ni nchi ambayo mamlaka yamegawanywa na katiba yenyewe kati ya serikali ya shirikisho na majimbo, na hakuna upande unaoweza kumnyang'anya mwenzake peke yake. Marekani ina majimbo 50, Ujerumani 16, Uswisi ina kantoni 26. Nigeria ina majimbo 36 pamoja na eneo la mji mkuu, Abuja.

Watu wa huku hunielewa zaidi nikitumia mfano wa nyumba. Ndugu yako akikupa chumba ukae, wewe una chumba, unafagia, unapokea wageni, lakini siku akikihitaji utatoka. Hiyo ni nchi ya umoja. Mzee akifariki, fungu lako la mirathi ni lako kwa sheria. Kaka mkubwa hana uwezo wa kulifuta kwa kuwa amekasirika. Hilo ni shirikisho. Na katikati kuna wakfu, ambao nitaurudia hapo chini, kwa sababu ndio unaofanana na hali yetu.

Huko kunyang'anywa kumewahi kutokea, au ni maneno ya vitabuni?

Kumetokea mara nyingi. Mwaka 1986 Bunge la Uingereza lilifuta baraza kuu la jiji la London, jiji la mamilioni ya watu, kwa sheria ya kawaida tu. Bunge la Ireland ya Kaskazini lilisimamishwa Oktoba 2002 na halikurudi mpaka Mei 2007. Na sisi hapa Kenya, chini ya katiba ya zamani, baraza la jiji la Nairobi lilivunjwa mwaka 1983, na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa mpaka 1992. Waliopiga kura Nairobi hawakuwa na pa kushtaki, kwa sababu baraza lao lilikuwa chumba cha kupewa.

Basi Kenya ni nchi ya umoja au ni shirikisho?

Ni nchi ya umoja yenye ugatuzi, yaani madaraka yaliyoshushwa mpaka kaunti, tena ugatuzi uliolindwa na Katiba. Najua jibu hili huwaudhi watu wanaotaka neno moja, lakini ndilo sahihi.

Ni ya umoja kwa sababu dola ni moja, uraia ni mmoja, mahakama ni moja kutoka Kiunga hadi Busia, polisi ni mmoja. Kaunti haina katiba yake wala haina jaji wake. Lakini si ile ya umoja ya zamani. Ibara ya 6 ya Katiba ya 2010 yasema serikali za ngazi mbili ni tofauti na zinategemeana, na kwamba zitaendesha uhusiano wao kwa kushauriana na kushirikiana. Ibara ya 1 yasema mamlaka yote ni ya wananchi, nao ndio waliozikabidhi serikali zote mbili. Serikali kuu haikuipa Lamu kaunti. Sote tulizipa serikali zote mbili kazi zao kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010.

Sasa turudi kwenye wakfu. Mtu akiiweka nyumba wakfu kwa madrasa, msimamizi wa wakfu hana ruhusa ya kuiuza, wala jirani mwenye nguvu hana ruhusa ya kuiingilia. Kaunti ni wakfu wa wananchi. Rais ni msimamizi wa upande wake, gavana wa upande wake. Kubadilisha malengo, kanuni na muundo wa serikali za ugatuzi kunahitaji kura ya maoni chini ya Ibara ya 255: wengi wa wapiga kura wakubali, na katika angalau nusu ya kaunti asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze kupiga kura. Bunge peke yake haliwezi.

Mzee mmoja wa Langoni aliniuliza: "Nti ni moya, sirikali ni mbili. Manahodha wengi si chombo kitakwenda mrama?"

Methali hii ni ya kweli kwa chombo kimoja chenye usukani mmoja. Lakini Jedwali la Nne la Katiba halikuwaweka manahodha wawili kwenye usukani mmoja. Limegawa kazi. Chombo kinakwenda mrama pale nahodha anapoacha usukani akaenda kumpokonya serahangi, msimamizi wa mabaharia, kamba, au serahangi anapokaa kungoja aambiwe kila jambo.

Nilimjibu hivyo, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali zuri zaidi: "Na mwenye chombo ni nani?" Mwenye chombo ni yeye mwenyewe, aliyekuwa ameketi pale na tasbihi yake mkononi.

Ni nani anayefanya nini hasa hapa Lamu?

Njoo tusimame gatini asubuhi. Mashua imeingia kutoka Pate. Imebeba mama mjamzito anayekwenda kliniki, watoto wawili wa sare, matenga ya samaki, na mbao za mtu anayejenga. Juu ya gati punda wanne wanangoja mzigo.

Usajili wa chombo na usalama wa safari ya baharini, zikiwemo jaketi za kuokolea, ni jambo la serikali ya kitaifa. Vivuko na bandari ndogo, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa, Jedwali limeipa kaunti. Kliniki na zahanati anakokwenda yule mama ni za kaunti, pamoja na gari au boti ya wagonjwa, lakini sera ya afya na hospitali kuu za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Kati ya wale watoto, mdogo anakwenda chekechea, basi shule yake ni ya kaunti. Dada yake yuko darasa la tano, mwalimu wake ameajiriwa na serikali ya kitaifa. Wameshikana mikono njiani, kila mmoja yuko chini ya serikali yake.

Uvuvi, kama sehemu ya kilimo, ni kazi ya kaunti, lakini kuhifadhi mazingira na rasilimali za samaki ili uvuvi udumu kumeandikwa upande wa kitaifa. Punda? Punda ni wa kaunti. Udhibiti na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti. Makaburi pia, taa za barabarani, takataka, na leseni za biashara ndogo. Askari polisi aliyesimama pale kivulini ni wa kitaifa. Askari wa kaunti anayekagua leseni ni wa gavana, na hana mamlaka ya polisi.

Nyuma yetu ni Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Majengo na maeneo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali ya kitaifa. Lakini maji machafu yanayopita katika vichochoro vya mji huohuo ni ya kaunti. Anayekarabati daka la mlango wake anaweza kujikuta ana mambo na serikali zote mbili kwa ukuta mmoja.

Hapo ndipo watu wanapozungushwa, na mimi nimezungushwa. Niliwahi kufuatilia taa ya kichochoro kimoja kilichokuwa na giza kwa miezi. Ofisi ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, siku ya tatu nikaenda na nakala ya Jedwali la Nne, nikaiweka mezani na kidole changu juu ya mstari wa taa za barabarani. Fundi alikuja wiki hiyohiyo. Tangu siku hiyo ile nakala sitembei bila yake.

Kazi zikigongana, nani anashinda?

Ibara ya 191 ndiyo inayojibu. Sheria ya kitaifa inashinda katika mambo fulani yaliyotajwa: usalama wa taifa, uchumi, viwango vinavyopaswa kuwa sawa nchi nzima, mazingira, na kadhalika. Nje ya hapo sheria ya kaunti ndiyo inayoshika.

Wavuvi wetu wanalijua jambo hili bila kusoma ibara yoyote. Kwa miaka kadhaa walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama. Uvuvi ni wa kaunti, ndiyo, lakini usalama ni wa taifa, na kaunti haikuwa na uwezo wa kuiondoa amri ile. Samaki wengine huvuliwa usiku, na familia ziliumia kwa hilo.

Lakini kuna upande wa pili, nao nauheshimu sana. Mwaka 2012 wakazi wa Lamu walikwenda mahakamani kuhusu bandari mpya na mradi wa LAPSSET, ule ukanda wa uchukuzi wa kutoka Lamu kwenda Sudan Kusini na Ethiopia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba, pamoja na makosa mengine, serikali ya Kaunti ya Lamu iliachwa nje wakati mradi unabuniwa na kutekelezwa, kinyume cha Katiba, na ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Bandari ni mradi wa kitaifa, hakuna anayebisha. Mahakama ilisema tu kwamba mradi wa kitaifa unaposhuka juu ya maji ya watu, serikali yao ya karibu haiwezi kupitwa kana kwamba haipo. Baraza la zamani la wilaya lingesimama wapi kudai hivyo?

Kaunti si ni yale majimbo ya 1963 kwa jina jipya?

Hapana, ila zina undugu. Na kwa sisi wa Pwani ni lazima habari hii ijulikane vizuri, kwa sababu huku ndiko mmoja wa watetezi wakubwa wa majimbo alikotoka.

Kenya iliingia kwenye uhuru na katiba ya majimbo. Kulikuwa na majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, kila jimbo na baraza lake la kutunga sheria na rais wake wa jimbo. Lamu ilikuwa katika Jimbo la Pwani. Juu, kulikuwa na Seneti yenye wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Chama cha KADU, chini ya Ronald Ngala wa Kilifi, ndicho kilichoyapigania. Hofu yao ilikuwa wazi: jamii ndogo zitamezwa na kubwa endapo kila kitu kitakaa Nairobi.

KANU, chama cha Jomo Kenyatta, walikubali katiba ile ili uhuru usicheleweshwe, lakini hawakuitaka. Baada ya Desemba 1963 majimbo yalicheleweshewa fedha na idara walizostahili kukabidhiwa. Novemba 1964 KADU kilijivunja na wabunge wake wakahamia KANU. Tarehe 12 Desemba 1964 nchi ikawa jamhuri, na sehemu kubwa ya majimbo ikafutwa. Mwishoni mwa 1966 Seneti nayo ikaunganishwa na bunge la chini, ikaisha. Miaka mitatu tu, na kila hatua ilipigiwa kura bungeni kihalali.

Wengi husema majimbo yalikufa kwa sababu yalikuwa mabaya. Sikubaliani nao. Yalikufa kwa sababu mbili: fedha zake zilikuwa mkononi mwa asiyeyataka, na watetezi wake bungeni walihama. Walioandika Katiba ya 2010 waliijua habari hii, ndiyo maana wakaweka mgao wa fedha ndani ya Katiba na kura ya maoni kama kufuli la mlango.

Tofauti kubwa ni ukubwa. Majimbo yalikuwa saba, kaunti ni 47. Jimbo la Pwani lingekuwa na makao Mombasa, na mtu wa Kizingitini angesafiri mbali vilevile. Leo makao ni hapa.

Nikisema nataka majimbo, mbona wengine hushtuka?

Kwa sababu neno hili lilichafuliwa. Katika miaka ya tisini wanasiasa walilitumia kumaanisha "kila mtu arudi kwao", na watu walifukuzwa, wakauawa, nyumba zikachomwa, Bonde la Ufa na baadaye Likoni mwaka 1997. Hilo si shirikisho kwa maana yoyote ninayoijua. Katika mashirikisho yote makini, raia anahama jimbo moja kwenda jingine bila kuomba ruhusa. Ibara ya 39 ya Katiba yetu yampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi mahali popote Kenya. Anayeishi Mpeketoni, babu yake awe alitoka wapi, ni mtu wa Kaunti ya Lamu kama mtu wa Mkomani. Hili nalisema kila kikao, na nitaendelea kulisema.

Na mwambao? Huku hatukuwa chini ya Sultani?

Tulikuwa. Ukanda wa maili kumi wa pwani na visiwa vya Lamu vilihesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na kuanzia 1895 Uingereza ikautawala kwa kumlipa Sultani kodi ya kila mwaka. Kuelekea uhuru, wapo waliotaka mwambao uwe na njia yake. Tarehe 8 Oktoba 1963 yalitiwa saini makubaliano kati ya Uingereza, Sultani, Kenya na Zanzibar, ukanda ukawa sehemu ya Kenya. Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa pande mbili, walibadilishana barua zenye ahadi: uhuru wa dini, mahakama za Kadhi, kutambuliwa kwa hati za ardhi za umiliki kamili, na maafisa Waislamu katika maeneo ya Waislamu wengi kadiri inavyowezekana.

Witu, kwa wasiojua, ina habari yake peke yake: ilikuwa usultani uliojiweka chini ya ulinzi wa Ujerumani mwaka 1885, ukakabidhiwa Uingereza mwaka 1890. Yaani ndani ya kaunti moja ndogo ya leo mlikuwa na mipangilio miwili ya utawala. Mtu wa hapa hahitaji kufundishwa kwamba mipaka ya dola hubadilika.

Mahakama ya Kadhi ni ya kaunti?

Si ya kaunti. Ni sehemu ya idara ya mahakama ya kitaifa, chini ya Ibara ya 170.

Gavana na kamishna wa kaunti, nani mkubwa?

Swali hili limewahi kuleta ugomvi mpaka wa viti vya mbele kwenye sherehe. Hakuna mkubwa. Gavana amechaguliwa na watu wa kaunti na anaongoza kazi za kaunti. Kamishna ameteuliwa na anaratibu kazi za serikali ya kitaifa ndani ya kaunti, na machifu wako chini yake. Ukitaka barua ya chifu usiende kwa mwakilishi wadi, na ukitaka zahanati yenye dawa usimlaumu chifu.

Je, Rais anaweza kumfuta gavana au kuivunja kaunti?

Kumfuta gavana, hapana. Hoja huanzia bunge la kaunti, inahitaji theluthi mbili ya wawakilishi, kisha Seneti husikiliza na kuamua. Gavana wa Kiambu aliondolewa kwa njia hiyo Januari 2020.

Kusimamisha kaunti kunawezekana chini ya Ibara ya 192, lakini mlango ni mwembamba: kuwe na vita au vurugu za ndani, au hali nyingine ya kipekee ambayo tume huru imeichunguza na Seneti ikaidhinisha, na siku zisizidi 90. Makueni walikaribia sana. Watu wake waliomba kaunti ivunjwe kwa ugomvi wa gavana na wawakilishi, tume ikapendekeza ivunjwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa.

Tuache karatasi. Pesa ni za nani?

Hapa ndipo palipo moyo wa jambo, na ningependa kila anayebishana kuhusu umoja na shirikisho aanzie hapa.

Kodi kubwa zote, yaani ya mapato, ya ongezeko la thamani, ya forodha na ya bidhaa, hukusanywa na serikali ya kitaifa. Kaunti inaweza kutoza kodi ya ardhi na majengo, ya burudani, na ada za huduma zake. Ukihesabu maegesho, masoko na leseni za mji wenye vichochoro visivyopita gari, utaona kwamba Lamu haiwezi kujilisha kwa ada zake.

Kwa hivyo Ibara ya 203 imeweka kiwango cha chini: kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini soma kwa makini, kwa sababu asilimia hiyo huhesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kupitisha hesabu, kaunti zinagawiwa kwa kipimo cha miaka iliyopita. Kwa mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zote 47 zilitengewa shilingi bilioni 370.

Kisha kuna swali la nani apate kiasi gani. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi mpaka Septemba juu ya fomula ya kugawana. Kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu ipewe uzito, zenye ardhi pana na watu wachache zikapinga. Sensa ya 2019 ilihesabu Lamu kuwa na watu 143,920 tu. Fomula ikifuata vichwa peke yake, sisi tumekwisha, kwa sababu kupeleka dawa Kiunga hakuwi rahisi eti kwa vile watu ni wachache. Mafuta ya boti ni yaleyale.

Kuna pia Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa kwanza kustahili.

Na usidhani jina la shirikisho hujaza mkoba. Nigeria ni shirikisho kamili, lakini majimbo yake mengi hungoja mgao wa kila mwezi kutoka Abuja, kwa kuwa fedha za mafuta huingia katikati.

Tanzania ni shirikisho?

Tanzania ni muungano wa aina yake. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Kuna Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, yenye rais wake na Baraza la Wawakilishi lake. Bara haina serikali yake. Serikali ya Muungano ndiyo inayoshughulikia mambo ya Muungano na ya Bara pia. Kwa hivyo upande mmoja unanukia shirikisho, upande wa pili unanukia umoja. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu mwaka 2013. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilibakiza mbili. Wenzetu wameijadili kwa Kiswahili kizuri kuliko sisi, na anayetaka msamiati wa mambo haya asome mijadala yao.

Shirikisho si ndilo linalovunja nchi?

Watu hunitajia Ethiopia, ambayo Katiba yake ya 1995, Ibara ya 39, imeyapa mataifa yake haki mpaka ya kujitenga. Nami huwatajia Eritrea. Mwaka 1952 iliwekwa katika shirikisho na Ethiopia. Mwaka 1962 shirikisho likafutwa, Eritrea ikafanywa mkoa tu. Vita vilivyokuwa vimeanza 1961 vikaendelea mpaka vikatimiza miaka thelathini, na mwaka 1993 ikawa nchi yake. Kilichoivunja nchi ile ni kuondolewa kwa shirikisho.

Karibu nasi zaidi kuna Komoro, watu tunaoelewana nao nusu ya maneno. Mwaka 1997 kisiwa cha Nzwani kilijitangaza kujitenga. Katiba ya 2001 iliipa Ngazija, Nzwani na Mwali madaraka yao, na urais ukawa wa zamu. Hata hivyo mwaka 2008 ilibidi majeshi ya Umoja wa Afrika yaende kumtoa kiongozi wa Nzwani aliyekataa kuondoka, na kura ya maoni ya 2018 ikaubadilisha utaratibu wa zamu. Somalia nayo ilipata katiba ya muda ya shirikisho mwaka 2012. Ukivuka mpaka pale Kiunga unaingia Jubaland, na mvutano wake na Mogadishu haujatulia.

Sitadai kwamba shirikisho ni dawa. Nasema tu kwamba mgawanyo wa mamlaka ukivunjwa na upande mmoja, ni hatari kuliko mgawanyo wenyewe.

Nchi kubwa lazima iwe shirikisho na ndogo iwe ya umoja?

Hapana. China ni nchi ya umoja. Uswisi ni ndogo na ni shirikisho.

Na Shirikisho la Afrika Mashariki?

Viongozi wa Kenya, Tanganyika na Uganda walitangaza nia hiyo Juni 1963. Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini 1999 unataja shirikisho la kisiasa kama hatua ya mwisho. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali kuanza na konfederesheni, ambayo ni kitu cha tatu: nchi zinabaki huru, zinashirikiana kwa mkataba, na yeyote anaweza kutoka. Ukilinganisha na nyumba, hao ni majirani waliochimba kisima pamoja.

Wewe mwenyewe, waona kipi kinaifaa Kenya?

Nimeulizwa, nitajibu. Naona ugatuzi tulionao unatutosha kimaandishi na haututoshi kimatendo. Sioni faida ya kubadilisha jina kuwa shirikisho wakati kazi ambazo Jedwali la Nne limeshaipa kaunti bado zina fedha zilizobaki wizarani Nairobi. Kwanza fedha zifuate kazi zake. Pia sitaki mahakama 47 wala polisi 47; Lamu imeona mashambulizi, na ulinzi wa mpaka si mzigo wa watu laki moja na kitu. Lakini ningetaka kaunti isikilizwe kabla ya amri za usalama zinazogusa riziki, na isikilizwe kwa maandishi.

Mimi ni mtu wa kawaida. Haya yote yanisaidia nini?

Yanakusaidia kujua siku za kwenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kufikia 30 Aprili. Kila hatua wananchi wana haki ya kutoa maoni, na mikutano hutangazwa, ingawa mara nyingine tangazo hubandikwa mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Uliza kwa mwakilishi wadi mapema. Wadi zetu ni kumi tu.

Katika mkutano mmoja alisimama mama kutoka kisiwani Pate. Hakuzungumza kuhusu umoja wala shirikisho. Alisema zahanati ni ya kaunti, vivuko ni vya kaunti, basi boti ya wagonjwa haina mwingine wa kuulizwa, akataka aonyeshwe imeandikwa ukurasa gani. Hawakuipata. Wakaandika ombi lake. Mwaka uliofuata alirudi na makadirio mapya, karatasi imekunjwa mara nne, na mstari wa wadi yake ameupigia alama kwa kalamu nyekundu.